Nyumba Tuliyoiacha Newala

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mwaka huu, baada ya sala ya alasiri, tulimzika mama yetu hapa Masasi. Bomba la mtaa wetu wa Mkomaindo lilikuwa kavu siku hiyo, kwa hiyo maji ya kumwoshea yaliombwa kwa jirani mwenye tangi la saruji la kuvunia mvua. Nilikuwa mmoja wa wanawake walioingia chumbani kuosha. Ndoo ilipotuliwa karibu na miguu yangu nikasikia harufu ya maji yaliyokaa gizani muda mrefu: saruji, vumbi la bati, na kitu kingine kama jani lililolowa. Miaka mingi sana sikuwa nimeisikia. Nikabaki nimesimama, bakuli mkononi, mpaka mwoshaji aliyekuwa anatuongoza akaniambia kwa upole, "Somoe, mimina." Nikamimina.

Tangu hapo siwezi kukaa mahali pamoja. Nakunja mikeka ambayo watu bado wanaihitaji. Naenda getini nikidhani kuna mtu ameita. Navihesabu vikombe vya msibani, navipanga, navipangua. Wageni wanasema ni uchungu wa mama, nami nawaitikia. Ni uchungu wa mama kweli. Lakini chini yake lipo jambo lingine, la zamani, la msimu mmoja wa utoto wangu wazazi wangu walipokuwa wanatafuta nyumba ya kununua. Nitalieleza kama lilivyokuwa.

Tulikuwa tunaishi nje kidogo ya Kitangari, kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Baba ni Myao wa Masasi. Alipomwoa mama alihamia kwao, kama ilivyokuwa desturi ya pande zote mbili, akapewa mikorosho ya kupalilia na mahali pa kujenga. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa nyasi. Mliokulia juu kule, kwenye uwanda wa Wamakonde, mnajua maana yake. Mchanga wa kwetu unaimeza mvua yote, mto hakuna, na maji yako bondeni. Mwenye bati hutega mifereji, mvua ikashuka kwenye kisima alichokichimba uani na kukisakafia kwa saruji, akayanywa maji hayo mwaka mzima. Mwenye nyasi anateremka.

Mama alikuwa anateremka. Alitoka kungali na ukungu, ukungu ule mzito wa asubuhi unaofanya mikorosho ionekane kama watu waliosimama, na alirudi jua limeshapanda, ndoo kichwani, shingo imenyooka, hasemi na mtu mpaka ameitua. Mwaka mmoja aliteleza mteremkoni. Mimi niliona tu ndoo imerudi imebonyea, na mama akalala siku nyingi ndani kwa bibi. Nikaambiwa ameumia mgongo. Kwamba alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kwamba kulikuwa na mtoto aliyezikwa nyuma ya nyumba ya bibi, niliambiwa nikiwa mtu mzima.

Alipoinuka alimwambia baba maneno machache, nami nilikuwa karibu nikimenya muhogo.

"Baba Somoe, nitakupikia, nitakulimia, nitakuzalia Mungu akipenda. Bondeni sishuki tena."

Baba hakubishana. Korosho za msimu uliopita zilikuwa zimekubali, na sehemu kubwa ya fedha yake ilikuwa Masasi, imewekwa kwa dada yake, shangazi Zaituni. Naye alikuwa na hamu yake mwenyewe. Alikuwa amechoka kuitwa mkwe. Kila akipigilia msumari palikuwa na shemeji wa kumuuliza kwa nini ameupigilia pale. Basi wote wawili walitaka nyumba, na ya kununua, kwa sababu ya kujenga ingehitaji matofali, na matofali yanataka maji.

Baba alitaka waanze kutazama mwezi wa nne, wakati barabara zimepoa na watu wana raha. Mama akakataa. Alisema mwezi wa nne kila nyumba ina maji. Tusubiri mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imekaa mbali kabisa, ndipo twende. Baba akamtania kwamba anachagua nyumba kama anachagua mbuzi wa maziwa. Mama akasema ndiyo, na mbuzi wa maziwa hutazamwa kiangazi.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika walikwenda Newala mjini, nami nikachukuliwa ili nimbebe mdogo wangu Hamisi, mama apate nafasi ya kuangalia. Nilikuwa darasa la tatu. Nilidhani kuangalia nyumba ni kuangalia nyumba. Baba ndivyo alivyofanya: aligonga miimo ya milango asikie kama mchwa wameingia, alipitisha kidole kwenye nyufa, aliuliza mpaka uko wapi na jirani ni nani. Mama hakugusa kitu. Alikaa barazani, akasalimia, akauliza habari za watoto na za mashamba, kisha, kila nyumba tuliyokwenda, akaomba maji ya kunywa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango wa mninga uliong'arishwa mpaka unajiona. Mwenye nyumba alileta nusu kikombe. Mama akanywa, akasema asante, akaomba na ya mtoto. Yule mama akacheka kidogo, akamnong'oneza binti yake, na binti akatoka mbio na jagi kuelekea kwa jirani. Nilimwona. Mama pia alimwona. Tulipokuwa njiani baba alikuwa amejaa furaha.

"Mlango umeuona?"

"Nimeuona," mama akasema. "Haunyweki."

Ya pili ilikuwa ya mtu aliyehamia Mtwara, na dalali ndiye aliyetuzungusha, mwanamume mnene mwenye vitabasamu vingi. Maji yake yalikuja yana rangi ya chai iliyokosa majani. Mama aliyashika mdomoni muda mrefu kabla ya kuyameza, kisha akauliza kisima kimesafishwa lini, na bati limepigwa lini. Dalali alikuwa hajui. Mama akaomba tena kikombe, cha maji ya chini zaidi, akanywa na hicho. Dalali akamgeukia baba.

"Mzee, mama huyu ananunua nyumba au ananunua soda?"

Baba alicheka kwa heshima. Mimi niliinamisha uso kwenye kichwa cha Hamisi. Niliona aibu, kwa sababu kwetu tulifundishwa kutoomba maji ovyo kwa watu. Maji ni kazi ya mtu. Lakini aibu haikuwa kubwa kama hofu. Siku ile peke yake nilikuwa nimehesabu vikombe vinne.

Mama alikuwa na dada, mama mkubwa Asha, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Alikufa kwa ugonjwa wa sukari, ila mimi jina hilo sikulijua. Niliujua kwa jinsi ulivyoonekana. Mama mkubwa alikuwa anakunywa, anakunywa, mtungi mzima kwa siku, na wajukuu zake walilia kwa kumchotea. Alikonda mpaka vitenge vikamwelea. Na nilimsikia bibi akiwaambia wanawake kwamba sisimizi walikuwa wanajaa mahali alipojisaidia. Nikayaweka hayo moyoni kama somo: mtu akianza kuomba maji kila mahali, amekwisha.

Basi nikaanza kumchunguza mama. Nilimpima mkono kwa macho, nikaona umepungua. Nikawa naenda nyuma ya choo chetu cha mabua kuangalia sisimizi. Na walikuwapo. Walikuwapo wengi, mistari kwa mistari, weusi, wanakimbizana. Ulikuwa msimu wa korosho. Mabibo yalikuwa yametapakaa kila mahali, yameoza, yanachuruzika, uwanja mzima unanuka utamu na uchachu, na sisimizi walikuwa nyuma ya choo, mbele ya choo, jikoni, kwenye mikeka, kwenye masikio ya mbwa. Mtoto haoni hivyo. Mimi niliona wale wa nyuma ya choo tu.

Sikumwambia mtu. Niliacha kula vizuri. Nikiitwa nashtuka. Mama alinipaka mafuta ya ubuyu kifuani akidhani nina homa, na mkono wake uliponigusa nilijiuliza bado una siku ngapi.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bi Rehema, mjane aliyekuwa anamfuata mwanawe Lindi. Haikuwa na uzuri wa kuusimulia. Milango ilikuwa ya mbao za kawaida, sakafu imepasuka kwenye pembe. Lakini bati lake lilikuwa pana, limeshuka pande zote nne, na mifereji ilikuwa imefungwa kwa waya mahali pake, haina hata jani. Kisima kilikuwa katikati ya ua, na mfuniko wake ulikuwa na kufuli dogo. Mama alipoomba maji, Bi Rehema hakuingia ndani. Alifungua kanga kiunoni, akatoa ufunguo, akamkabidhi.

"Jichotee mwenyewe, mwanangu. Ukichotewa utadhani nimekuchagulia."

Mama aliteremsha ndoo taratibu. Alipoipandisha hakuitazama ndoo, aliitazama kamba. Aliishika pale ulipoanzia ubichi, akaipima kwa mkono wake, kutoka vidoleni mpaka begani, mara moja, mbili, tatu, nne. Mwezi wa kumi na moja. Kisha akachota kikombe akanywa, akachota cha pili akanywa chote bila kupumzika, akafumba macho. Halafu akakaa chini pale pale kwenye mfuniko, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika. Sijawahi kumwona mama amekaa hivyo kabla ya siku ile, wala baada yake.

Mimi nilikuwa naangalia vikombe viwili.

Wakakubaliana. Bi Rehema alisema hatasikiliza mnunuzi mwingine kwa wiki moja, na alilisema hilo akimtazama mama, si baba. Ilibaki baba aende Masasi kuchukua fedha na kumleta mtu wa ukoo wake awe shahidi, maana mwanamume hanunui nyumba ugenini bila ndugu zake kujua. Alinichukua mimi. Nilikuwa sijamwona shangazi tangu niwe mdogo, na mama alisema nibadilishe hewa, nimekonda.

Tulishuka na lori la magunia. Masasi joto lilikuwa la tanuru, na ile milima ya mawe matupu ilinitisha. Niliona kama mji umewekwa katikati ya meno. Shangazi Zaituni alikuwa anapepeta mchele uani. Nilipiga goti, nikampa shikamoo, akanivuta karibu, akaniuliza kama watu wazima wanavyomuuliza mtoto, huku anaendelea kupepeta: hamjambo, bibi hajambo, Hamisi anatembea, mama hajambo. Mtoto mwenye adabu hujibu hajambo. Nilifungua mdomo nijibu hivyo, nikashindwa.

"Shangazi, mama anaumwa. Ana ugonjwa wa mama mkubwa Asha. Anaficha."

Ungo ukasimama. Aliniuliza nimejuaje. Nikamweleza yote: kila nyumba anaomba maji, Newala alikunywa vikombe vinne siku moja, kwa Bi Rehema alikunywa viwili mfululizo akashindwa hata kusimama, na sisimizi nimewaona mwenyewe, kwa macho yangu. Kisha nikapata usingizi wa mchana, mzito, wa kwanza baada ya siku nyingi.

Nilipoamka walikuwa wanazungumza nyuma ya jiko. Sikusikia yote. Nilimsikia shangazi akisema kwamba kule juu hospitali iko mbali na kila jambo, kwamba yule dada mtu alicheleweshwa hivyo hivyo. Halafu akashusha sauti, lakini sauti ya shangazi hata ikishushwa ilikuwa inafika.

"Na ukinunua kwao, kaka, akifa huko wajomba wa watoto wataingia kwenye nyumba uliyoinunua wewe. Utarudi hapa na mkeka."

Nilimwona baba kupitia upenyo wa mlango, amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti na kufuta, anachora na kufuta.

Jioni ile shangazi alitupeleka kuona nyumba moja Mkomaindo, karibu na hospitali. Vyumba vitatu, bati fupi la upande mmoja, mifereji hakuna, ua wa kushirikiana. Shangazi alisema maji si taabu, kuna bomba. Baba hakugonga mwimo hata mmoja. Hakuuliza mpaka. Alisimama kizingitini, akageuka, akatembea hatua kubwa kubwa mpaka kwenye geti la hospitali, midomo inahesabu. Akarudi anahesabu tena. Nilielewa anachofanya, na moyo wangu ulijaa. Nilijiona nimemwokoa mama. Siku ya pili yake alilipa.

Njia nzima ya kurudi sikuwa na woga wa lori, wala wa kona za kupandia mlima. Baba alinishika bega. Hakunitajia neno la ugonjwa, nami nikafahamu kwamba ni siri yetu, na kwamba siri hiyo haisemwi mbele ya mama kwa sababu mwenyewe ameificha.

Mama alikuwa anachambua ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, tulipofika. Baba alimwambia akiwa amesimama bado, hata kofia hajaivua. Amenunua Masasi. Mama alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha aliuliza kisima kina kina gani. Baba akasema kuna bomba. Mama akauliza bomba la nani, linatoka siku zipi, mwezi huu linatoka? Baba hakujua. Akasema ni karibu na kila kitu. Akarudia hivyo, karibu na kila kitu, na mama akarudi kwenye ming'oko yake.

"Dada yako amekuchagulia," alisema. "Sawa."

Baba angeweza kumwambia. Alikuwa na neno mdomoni, nililiona. Lakini mtu akikuficha ugonjwa wake, utaanzaje kumuuliza? Alivua kofia, akaenda kuwafungua mbuzi.

Kesho yake mama alikwenda Newala kwa miguu kumwambia Bi Rehema asimsubiri. Watu walimshangaa, angeweza kutuma salamu. Alisema mtu aliyeifunga nyumba yake kwa ajili yako hapelekewi salamu. Nilikwenda naye. Bi Rehema alisikiliza, akasema riziki, akafungua kanga kiunoni atoe ufunguo, maana tulikuwa tumetembea sana. Mama akamzuia mkono.

"Asante, mama. Leo sina kiu."

Nami, nikiwa na midomo iliyokauka, nilifurahi. Nilijua ameanza kupona.

Tulihamia Masasi kabla ya mvua. Bomba lilitoka siku mbili kwa wiki, wakati mwingine halikutoka, na mama akajifunza kuamka kupanga foleni ya ndoo na wanawake asiowajua. Bondeni hakushuka tena, hiyo ni kweli. Lakini kisima cha jirani kilikuwa na maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, na chai yake hakuipenda hata siku moja. Kila mwezi wa kumi na moja alikuwa mkali, na sisi watoto tulijua kukaa mbali.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa maji. Shangazi hakuwa mtu wa kunyamaza na jambo la huruma. Ukoo mzima wa baba ukaambiwa mke wa kaka ni mgonjwa, asiulizwe, asichoshwe. Kwenye harusi na misiba, wanawake wenzake wakitwanga, wakipika, wakibeba masufuria, mama aliwekwa kwenye mkeka achague mchele. Akiinuka kushika mwiko, alinyang'anywa kwa tabasamu. Aliletewa supu asiyoiomba. Baba alikuwa anamsihi aende kupimwa. Alikwenda mara mbili, akaambiwa hana kitu, akarudi na hasira ya siku iliyopotea. Yeye alielewa hivi: kwamba watu wa Masasi wanamwona Mmakonde wa porini, asiyejua kupika shughuli. Aliniambia hivyo mwenyewe, nikiwa msichana mkubwa. Alisema miaka yote hii hawajawahi kumpa mwiko. Wakati huo nilikuwa bado sijajua nilichokifanya.

Nilijua baada ya kuolewa. Nilikuja kumsalimia, mwanangu wa kwanza yuko mapajani, na binamu yangu aliyepata kazi ya ualimu Newala alikuwa amekuja kuaga. Alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga. Mama akamwambia asitazame rangi wala madirisha. Aende kiangazi, aketi, aombe maji ya kunywa. Wakimpa nusu kikombe, ainuke aende zake. Wakimpa yanayonuka kutu, bati limekufa. Na akiweza, ateremshe ndoo mwenyewe, apime ubichi wa kamba. Binamu alicheka, akamwambia mama, shangazi una mambo. Mama naye alicheka. Mimi nilimpa mtu mtoto, nikatoka nje.

Ningeweza kumwambia siku ile. Ningeweza kumwambia mwaka uliofuata, na mingine yote. Nilikuwa nakuja na neno hilo kutoka kwangu, linafika mpaka getini, na nikiingia mama ananiuliza watoto hawajambo, nasema hawajambo, basi. Nilijiambia ataumia bure. Ukweli ni kwamba niliogopa jinsi atakavyonitazama.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya kisomo, wadogo zangu walikuwa wanazungumza barazani kama nyumba hii iuzwe, na mzee aende kukaa kwa Hamisi. Baba hakuwasikiliza. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake cha kamba, macho yake siku hizi yanaona mwanga tu. Nilikuwa nimeshapanga vikombe mara mbili. Nikaviacha, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia. Nilianza na sisimizi. Nilimwambia mama alikuwa anaonja visima, hakuwa na kiu, hakuwa na chochote, na mimi ndiye niliyempelekea shangazi ule uongo, bila kujua kwamba ni uongo, na baadaye nikajua nikanyamaza.

"Mwaka wa pili nilijua si mgonjwa," baba akasema. "Mgonjwa wa kweli angekuwa amekufa. Nyumba ilikuwa imeshanunuliwa. Nikasema, nikimwambia sababu, ataniuliza kwa nini sikumuuliza yeye." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Wewe ulikuwa mtoto, Somoe. Mimi nililala naye kitanda kimoja."

Niliweka kichwa changu kwenye goti lake. Sikuwa nimefanya hivyo tangu niwe mkubwa.

Wakati huo hodi ikapigwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa ukoo wa shangazi, aliyetoka Ndanda asubuhi na hakuwahi mazishi. Akampa baba shikamoo, baba akaitikia marahaba. Akakaa kwenye mkeka, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Akasema poleni, Mungu amempumzisha, maana marehemu ameteseka na ugonjwa wake miaka mingi, tangu sisi wadogo tunaambiwa tusimchoshe.

Nilimwangalia baba. Alikuwa ameinua uso, anautafuta mwelekeo wa ile sauti.

"Hakuwa na ugonjwa," alisema. "Mke wangu aliumwa homa siku nne. Zile nyingine zote alikuwa mzima."

Yule mgeni akasema ndiyo, mzee, kama mtu anavyomkubalia mfiwa. Baba akamwambia hapana, asikie vizuri, kisha akamwambia tena.